Desmond Doss alifuata nini vitani bila bunduki?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Msabato wa Musoma, nasomea uuguzi. Juzi tuliangalia nyumbani ile filamu ya Desmond Doss, Mmarekani aliyeokoa wenzake katika kisiwa cha Okinawa huko Japani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, bila kushika silaha. Baba mdogo, ambaye ni askari mstaafu, alisema mambo mawili nikakosa la kumjibu. Kwanza, kwamba mtu mmoja hawezi kuteremsha majeruhi 75 peke yake. Filamu imetia chumvi. Pili, kwamba kama kweli aliamini "Usiue", asingevaa sare na kupanda lile genge la mwamba pamoja na watu wanaokwenda kuua, tena siku ya Sabato. Mtu huyu aliamini nini hasa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mfikishie baba mdogo salamu zangu, umwambie kwamba ameuliza kiaskari. Maofisa wa Doss walimwuliza mambo hayo hayo tangu 1942, na hawakumwuliza kwa upole. Nimefundisha historia ya kanisa muda mrefu, na kila darasa likifika kwa Doss, wanafunzi hutaka kukimbilia kwenye kamba na genge. Mimi huwarudisha nyuma, kwa sababu jambo lililotokea Okinawa lilikwisha kuamuliwa miaka mingi kabla, katika nyumba ya fundi seremala.

Doss alizaliwa 7 Februari 1919 mjini Lynchburg, jimbo la Virginia. Baba yake, William, ndiye huyo seremala. Mama yake, Bertha, ndiye aliyemlea katika imani ya Waadventista Wasabato. Nyumbani kwao palikuwa na picha yenye fremu ambayo baba aliinunua mnadani. Ilikuwa na Amri Kumi na Sala ya Bwana, na kila amri imechorewa picha yake. Kwenye amri ya sita mchoraji aliweka Kaini amesimama, na Abeli amelala chini, amekufa. Mtoto Desmond alikuwa akivuta kiti, anapanda, anaitazama picha ile kwa muda mrefu, na swali lake lilikuwa moja: imekuwaje ndugu akamfanyia ndugu yake jambo kama hili? Alisimulia habari hiyo hadi uzeeni. Neno "Usiue" lilimjia kwanza kama sura ya mtu na nduguye, kabla hajajua kwamba kuna hoja za wanatheolojia.

Halafu kuna tukio la bastola, ambalo filamu imelibadilisha sana. Kwenye filamu Doss mwenyewe anamwelekezea baba yake silaha. Kwa masimulizi yake, ugomvi ulikuwa kati ya baba yake, ambaye alikuwa amelewa, na ndugu mmoja wa familia. Mama akaingia kati, akaichukua bastola, akampa Desmond akimbie akaifiche. Alisema hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho kushika silaha ya moto. Mimi naona ukweli huu unafundisha zaidi ya ule wa filamu. Kijana hakuwa amejitisha kwa hasira zake mwenyewe. Aliona jinsi mauaji yanavyoweza kuingia katika nyumba ya watu wanaosali, akaona pia kwamba mtu wa tatu akijitokeza kwa haraka anaweza kuyazuia.

Sasa nije kwenye hoja ya pili ya baba mdogo, kwa kuwa ndiyo nzito. Kwa nini alikwenda vitani?

Marekani ilipoingia vitani, Doss alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya meli huko Newport News. Kazi ile ilihesabiwa kuwa ya lazima kwa taifa, na angeweza kuitumia kuomba asiitwe jeshini. Hakuomba. Aliitwa, akaingia jeshini 1 Aprili 1942. Sheria ya Marekani ya wakati ule iliwagawa waliokataa kuua kwa sababu ya dini katika mafungu. Kuna waliokataa jeshi kabisa, wakapelekwa kambi za kazi za kiraia, na wengine maelfu kadhaa wakafungwa jela. Na kulikuwa na fungu lililoitwa 1-A-O, la watu waliokubali kuvaa sare na kutii amri zote isipokuwa kubeba silaha. Doss aliingia katika fungu hili la pili. Hakupenda kabisa kuitwa mkataa vita. Alisema yeye ni mshiriki kwa dhamiri: anaipenda nchi yake, anaona vita ile ni ya haki, yuko tayari kufa pamoja na wenzake, ila kazi yake iwe kuokoa uhai.

Kwa hiyo baba mdogo anapomwona kama mtu aliyekataa vita kisha akajipenyeza vitani, anamhukumu kwa msimamo ambao Doss hakuwahi kuwa nao. Msimamo wake ulikuwa mwembamba zaidi, na kwa sababu hiyo ulikuwa mgumu zaidi kuushika. Anayekataa jeshi kabisa hupambana na serikali mara moja, basi. Anayekubali kila kitu isipokuwa kitu kimoja hupambana kila asubuhi kwenye paredi.

Wala hakuzua msimamo huo. Kanisa lake lilikuwa changa, Konferensi Kuu yake, yaani uongozi wake wa juu, imeanzishwa 1863, Marekani ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata viongozi wake wakaiomba serikali itambue kwamba waumini wao hawabebi silaha. Katika miaka ya 1930, vita nyingine ilipoanza kunukia, Wasabato wa Nebraska walianzisha mafunzo ya vijana: kwata, machela, bandeji, ili wakiitwa jeshini wawe tayari kwa kazi ya tiba. Lakini nisikufiche, kanisa halikushika njia hii kila mahali. Ujerumani mwaka 1914 viongozi waliwaambia waumini wabebe silaha na wapigane hata siku ya Sabato. Kanisa likapasuka, na mpasuko ule haujaunganika hadi leo. Kwetu jambo hili si la mbali, maana wamisionari wa kwanza wa Kisabato waliofika Upare mwaka 1903 walitoka Ujerumani hiyo hiyo.

Tena, si kila Mkristo mwaminifu alifika alikofika Doss. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwapo Alvin York, mkulima wa milima ya Tennessee, naye alikuwa ameokoka, naye alisoma "Usiue" akaomba asipigane. Walimkatalia. Mkuu wake, Meja Buxton, alikuwa mtu wa Biblia. Badala ya kumtukana alikaa naye, wakasomeana maandiko, na Buxton akamsomea Ezekieli 33, habari ya mlinzi anayeona upanga unakuja. York akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, akasali mlimani, akarudi akiwa ameamini kwamba anaweza kupigana. Tarehe 8 Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne huko Ufaransa, yeye na wenzake wachache walirudi na mateka Wajerumani 132, naye akapewa Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani. Biblia ni ile ile, nishani ni ile ile, majibu mawili. Ukibishana na baba mdogo usimwambie kwamba Mkristo wa kweli lazima awe kama Doss. York naye alipiga magoti.

Tofauti ni kwamba York alipata mkuu aliyemsikiliza. Doss hakumpata.

Alipelekwa Fort Jackson, South Carolina, katika Divisheni ya 77 ya Askari wa Miguu, Rejimenti ya 307. Sehemu hii ya maisha yake ndiyo ninayoitazama kwa makini kuliko zote. Kila usiku alipiga magoti kando ya kitanda chake, na wenzake wakamrushia viatu huku anasali. Walimkejeli kwa kusoma Biblia ndogo aliyopewa na Dorothy Schutte, binti aliyemwoa Agosti 1942. Askari mmoja alimwambia kwamba wakifika vitani atahakikisha harudi hai. Siku ya Jumamosi alipopewa ruhusa ya kwenda kuabudu, wenzake walinung'unika kwamba anakwepa kazi. Kumbe Jumapili, wao wakipumzika, yeye alibaki kambini akifanya kazi za kufidia. Maofisa walimtisha kwa mahakama ya kijeshi. Walimnyima likizo. Wakajaribu pia kumwondoa jeshini kwa kifungu cha watu wasio timamu, ambacho kingempeleka nyumbani salama kabisa. Akakikataa. Alijibu kwamba angekuwa Mkristo wa ovyo kama angekubali iandikwe kuwa dini yake ni ugonjwa wa akili.

Pima jambo hilo, mwanangu. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Mtu mnafiki, au mwoga aliyejificha nyuma ya Biblia, angetoka siku ile ile akashukuru Mungu.

Na wakati huo huo, kwenye matembezi marefu ya mazoezi, wale wale waliomrushia viatu walikuwa wakitoka malengelenge miguuni. Tabibu wa kombania yao alikuwa Doss. Alikaa chini akawashika miguu, akaosha, akafunga, hakuchagua. Hapo hapakuwa na mwandishi wa habari wala nishani. Kwangu mimi ushujaa wake ulionekana hapo kwanza, na walioukosea walikuwa na miaka miwili mizima ya kuutazama.

Filamu inaruka kutoka kambini moja kwa moja hadi Okinawa. Katikati palikuwa na Guam, Julai 1944, na Leyte nchini Ufilipino mwishoni mwa mwaka huo. Kwa kazi yake huko alipewa nishani ya Nyota ya Shaba, mara mbili. Baba mdogo ataelewa maana yake: wale askari walipofika Okinawa hawakuwa tena makuruta wanaomdhihaki Msabato. Walikuwa wamekwisha kumwona akitambaa kwenda kwa majeruhi chini ya risasi. Ikumbukwe pia kwamba katika vita vya Pasifiki Wajapani waliwalenga matabibu, na kwa sababu hiyo matabibu wengi waliondoa alama ya msalaba mwekundu na kubeba bunduki au bastola za kujilinda. Kila mtu angemwelewa Doss kama angefanya hivyo. Hakufanya.

Sasa Okinawa na zile hesabu. Wamarekani walitua kisiwani 1 Aprili 1945. Mwishoni mwa mwezi kikosi cha Doss kikapelekwa kwenye genge la Maeda, jabali ambalo hati ya Nishani ya Heshima aliyopewa baadaye inataja kimo chake kuwa futi 400, yaani kama mita 120, na sehemu ya juu kabisa imesimama wima kama ukuta. Wajapani walikuwa wamechimba mapango na mahandaki ndani ya mwamba ule, wakaacha adui apande ndipo wampige kwa mizinga, makombora na rashasha. Kupanda kulihitaji nyavu za kamba za kupakulia mizigo melini, na Doss alikuwa mmoja wa waliojitolea kwenda kuzifunga juu.

Hati ya nishani inasema hivi: askari walipofika kileleni walipigwa vibaya, takribani watu 75 wakaanguka, waliobaki wakasukumwa kurudi chini. Doss akakataa kujificha. Akabaki kwenye uwanja uliokuwa ukipigwa, akawachukua majeruhi mmoja mmoja hadi ukingoni, akawateremsha kwa kamba hadi mikononi mwa wenzao waliokuwa chini.

Kwa hiyo "peke yake" ina mpaka. Juu alikuwa peke yake. Chini palikuwa na mikono ya kupokea. Na namba 75 ina historia yake. Doss mwenyewe alisema hawakuzidi 50. Wakuu wake walisema walikuwa 100. Wakakubaliana katikati. Ona basi chumvi hiyo ilitoka wapi: aliyefanya kazi ndiye aliyetaka kupunguza. Mimi nikifundisha nasema "kati ya 50 na 100", na sioni kwamba nimempunguzia heshima hata kidogo.

Aliwezaje? Kwa fundo. Mazoezini alikuwa amejifunza kufunga kamba, na siku moja fundo lake likatoka na vitanzi viwili badala ya kimoja. Kule juu alilikumbuka. Mguu mmoja wa majeruhi uliingia kitanzi hiki, mwingine kile, kamba ikazungushwa kifuani, mtu akawa amekaa kama mtoto kwenye mbeleko. Upande wa pili kamba ilizungushwa kwenye kisiki cha mti ili uzito usimvute naye akaanguka. Doss alikuwa mwembamba, wala hakuwa mtu wa misuli. Kisiki kilibeba uzito, mikono yake ikawa inaachia kamba polepole. Kisha anarudi. Kila aliporudi, kwa masimulizi yake, aliomba sala ile ile: Bwana, nisaidie nimpate mmoja tena.

Mtu anayesomea uuguzi anaijua sala hiyo hata kama hajawahi kuisema. Zamu imejaa wagonjwa na huwezi kuwabeba wote akilini. Unamshika huyu aliye mbele yako.

Nije kwenye Sabato. Habari zinazosimuliwa makanisani, na Doss mwenyewe alisimulia hivyo, zinaweka siku ya kamba kuwa Jumamosi tarehe 5 Mei. Hati ya nishani inaanzia 29 Aprili, ambayo ilikuwa Jumapili, na inaitaja habari ya genge kabla ya matukio ya 2 Mei. Tarehe hizi hazilingani, na ni vizuri ujue kabla baba mdogo hajakuonyesha. Lakini kwa swali lake hazibadilishi kitu, kwa maana hati yenyewe inamtaja kazini tarehe 5 Mei. Siku hiyo alimhudumia ofisa wa mizinga, akamfunga majeraha, akamhamisha mahali salama, akamtundikia plazima ya damu huku makombora yanaanguka karibu. Baadaye siku hiyo hiyo akatambaa hadi kwa askari aliyeanguka futi 25 tu kutoka kwenye pango la adui, yaani kama hatua kumi, akambeba yadi 100 hadi salama. Ilikuwa Sabato, na alifanya kazi tangu asubuhi.

Je, aliivunja? Kwa jinsi alivyoisoma Biblia yake, hapana, na hakuhitaji kujitetea sana. Injili ya Mathayo sura ya 12 inamweka Yesu katika sinagogi mbele ya mtu mwenye mkono uliopooza, akiulizwa swali hilo hilo, naye akawajibu kwa habari ya kondoo aliyetumbukia shimoni, kisha akasema ni halali kutenda mema siku ya sabato. Doss alishika hapo. Alisema Kristo aliponya siku zote saba, basi naye atahudumia siku zote saba. Asichokubali kufanya siku ya Sabato ni kazi zisizookoa mtu: usafi wa kambi, gwaride, mazoezi. Angalia basi mstari wake ulipopita. Kambini Fort Jackson, palipokuwa hapana hatari, aliishika Sabato kwa ukali hadi akachukiwa. Genge la Maeda, palipokuwa na kila sababu ya kusema "leo ni Sabato, niacheni nipumzike", aliinuka akaenda kuhudumia. Na anasimulia kwamba siku ile kamanda hakumwamrisha. Alimwomba, maana matabibu wengine walikuwa wamepungua, naye Doss akaomba kwanza muda wa kusali. Kikosi kizima kilimngoja Msabato amalize sala, wale wale wa viatu.

Kuna sehemu moja ya hoja ya baba mdogo ambayo haijibiki kirahisi, nami sitaki kuipita. Kila askari aliyeponywa na Doss angeweza kurudi mstari wa mbele kuua. Na vita ile iliua wenyeji wa Okinawa, raia wasio na silaha, kwa makumi ya maelfu. Kuna familia zilizokwisha kabisa ndani ya mapango. Doss aliijua hoja ya kwanza, maana waliomtaka ashike bunduki walimwambia. Jibu lake lilikuwa kwamba amri aliyopewa inamhusu yeye na mkono wake. Wapo Wakristo, Wamenonaiti na Makweka kwa mfano, wanaoona jibu hilo halitoshi, na nawaheshimu sana. Mimi naegemea upande wa Doss kwa sababu moja: mtu aliyelala na tumbo limepasuka hana upande wa vita. Anahitaji mtu. Ukianza kupima kama akipona atafanya nini, hutamfunga jeraha mtu yeyote duniani.

Siku za mwisho za Doss vitani filamu inazigusa harakaharaka, na ni hasara. Usiku wa 21 Mei, karibu na Shuri, guruneti lilimlipukia miguuni. Hakumwita tabibu mwingine atoke mafichoni. Alijifunga mwenyewe, akangoja kwa muda wa saa tano hadi wabeba machela walipofika. Wakiwa njiani wakashambuliwa na vifaru. Doss akaona mtu aliyeumia kuliko yeye, akajiviringisha akashuka kutoka kwenye machela, akawaambia wambebe yule kwanza. Akiwa anangoja warudi, akapigwa tena, mfupa wa mkono ukavunjika na kutoboa ngozi. Akachukua kitako cha bunduki, akakifunga kwenye mkono kama banzi, akatambaa yadi 300 hadi kituo cha huduma ya kwanza. Katika vita nzima, hicho kitako ndicho kipande cha bunduki alichokubali kukitumia.

Alipofika kwa madaktari akagundua kwamba Biblia ya Dorothy haipo. Imedondoka huko vitani. Akatuma ujumbe kwa wenzake waitazame. Waliokuwa wakimcheka kwa kuisoma wakaingia kuitafuta kwenye matope, wakaipata, wakamtumia.

Tarehe 12 Oktoba 1945 Rais Harry Truman alimvisha Nishani ya Heshima katika Ikulu ya Marekani. Alikuwa mtu wa kwanza kupewa nishani hiyo kati ya waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri. Baadaye, katika vita vya Vietnam, waliipata wengine wawili, Thomas Bennett na Joseph LaPointe, nao matabibu. Wote wawili waliuawa mwaka 1969, nishani zikapokewa na familia zao.

Watu wengi huifunga habari hapo, Ikulu. Lakini kama unataka kujua imani yake ilikuwa nini, usiifunge. Doss alikuwa ameambukizwa kifua kikuu huko Leyte. Kiligunduliwa 1946, na kwa zaidi ya miaka mitano alikuwa wa kuingia na kutoka hospitali. Walimkata pafu moja na mbavu tano. Kazi ya useremala aliyoitegemea haikuwezekana tena kwa mwili ule. Dorothy akafanya kazi, wakalea mtoto wao wa pekee, wakaishi kwenye shamba dogo huko Rising Fawn, jimbo la Georgia. Mwaka 1976 dawa zilimharibu masikio, akawa kiziwi kabisa. Akakaa katika ukimya miaka kumi na miwili, hadi alipowekewa kifaa cha kusikia ndani ya sikio mwaka 1988. Mwaka 1991 alikuwa akimwendesha Dorothy kwenda hospitali kwa matibabu ya saratani, gari likapata ajali, Dorothy akafariki. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya usukani. Mtu aliyewateremsha wenzake wasiohesabika kwa mikono yake hakuweza kumwokoa mke wake. Sijui mtihani wa imani mkubwa kuliko huo, na genge la Maeda silioni kuwa lilikuwa kubwa zaidi. Aliendelea kusali kanisani, akaoa tena 1993, akaendelea kuwatembelea vijana wa Watafuta Njia, chama cha vijana wa Kisabato, na kuwasimulia habari ya picha ya Kaini na Abeli. Kwa miaka mingi alikataa kuiuza habari yake kwa watengeneza filamu, akihofu wataibadilisha imani yake iwe burudani. Alifariki 23 Machi 2006, akiwa na miaka 87, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Chattanooga.

Umeniuliza kama Msabato, basi nimalizie na hili linalokuhusu. Kanisa lako halimlazimishi mtu kuwa Doss. Mwaka 1972 viongozi wa kanisa walisema wazi kwamba uamuzi wa kubeba silaha au kutobeba ni wa dhamiri ya muumini mwenyewe, ingawa kanisa linaendelea kupendekeza njia ya kutobeba. Kwa hiyo baba mdogo, kama alishika bunduki kwa kuilinda nchi yake, usimtupie Doss kama jiwe. Ukitaka mzungumze vizuri, msomee habari ya Jack Glover. Huyu alikuwa kapteni, na alijaribu kumhamisha Doss kutoka kikosini kwa sababu aliamini hayo hayo ya baba mdogo: kwamba askari asiye na silaha ni mzigo, atawaponza wenzake. Doss akamjibu kwamba asiutilie shaka ujasiri wake, kwa sababu atakuwa ubavuni pake akiokoa uhai wakati yeye anautoa. Miaka mingi baadaye Glover, akiwa mzee, alisema mbele ya kamera kwamba Doss ni mmoja wa watu jasiri kuliko wote waliopata kuishi, na kwamba kati ya waliookolewa na mtu yule ambaye yeye Glover alitaka kumfukuza, mmoja alikuwa yeye mwenyewe.